Kizuri Hakijiuzi: Kigae, Msanii na Mnunuzi Aliyekosekana

Wahenga walituachia msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu umepata maisha mapya katika semina zetu za ujasiriamali. Kijana aliyehitimu masomo ya sanaa huambiwa asisubiri kuajiriwa, ajiajiri. Atengeneze kitu bora, na wanunuzi watamfuata wenyewe. Akishindwa, lawama zote humrudia yeye: hakuwa mbunifu vya kutosha, hakuandika mpango wa biashara, hakujitangaza mtandaoni. Katika makala haya nakusudia kuupinga msemo huo, walau katika eneo moja la maisha yetu, nalo ni biashara inayotokana na kazi ya mkono wa msanii. Hoja yangu ni kwamba kizuri hakijiuzi. Hununuliwa na mtu fulani, kwa sababu fulani, na aina ya mnunuzi huyo ndiyo inayoamua kama kazi ya msanii itadumu au itazikwa pamoja naye. Na pale ambapo mnunuzi wa kudumu hayupo, dola inayowahimiza vijana wajiajiri ina wajibu wa kuwa mnunuzi wao wa kwanza.

Nitaitetea hoja hii kwa kutumia kitu kidogo na cha kawaida: kigae cha ukutani kilichochorwa kwa mkono. Kwa asili, neno kigae kwetu ni kipande cha chungu kilichovunjika. Leo neno hilo hilo twalitumia kwa vile vibapa vya mraba tunavyobandika jikoni, bafuni na sebuleni, ambavyo madukani huitwa marumaru japokuwa havina uhusiano wowote na jiwe la marumaru. Nimekichagua kigae kwa sababu gharama zake hazifichiki. Mchoraji wa karatasi anaweza kuanza na penseli. Mchoraji wa vigae anahitaji tanuri lenye joto la kufikia takribani nyuzi 1,000 za Selsiasi, kuni au umeme wa kulilisha, na rangi zitokanazo na madini: kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani na feruzi, manganizi kwa zambarau. Rangi hizo huzipaka bila kuziona kama zitakavyokuwa, maana moto ndio unaozikamilisha. Kigae kikipasuka tanurini, kazi ya siku nzima imepotea na hakuna wa kumfidia. Zaidi ya hayo, kigae kimoja hakimsaidii mtu. Mwenye ukuta huhitaji mamia. Hii, basi, ni biashara inayodai mtaji mapema na mnunuzi mkubwa, mambo mawili ambayo kijana anayeanza hana.

Tuanze na mtu ambaye, kwa vigezo vya semina zetu, alipaswa kufanikiwa. William De Morgan alizaliwa London mwaka 1839. Baba yake alikuwa Augustus De Morgan, mwanahisabati ambaye kanuni zake za mantiki wanafunzi wetu wa hisabati na kompyuta wanazisoma hadi leo. William alisomea uchoraji katika shule za Royal Academy, akawa rafiki wa William Morris, yule msanifu, mshairi na mjamaa aliyetaka kazi ya mkono irejeshewe heshima mbele ya mashine. Alianza na vioo vya rangi vya madirishani, kisha akahamia kwenye vigae. Majaribio yake ya tanuri yaliunguza paa la nyumba aliyopanga, naye mwaka 1872 akahamia Chelsea. Huko hakuanza kwa kufinyanga. Alinunua vigae vyeupe vilivyotengenezwa na wengine, akavichora, kisha akavichoma upya. Baadaye alijifunza kufinyanga vyake mwenyewe, na akafaulu kufufua ufundi wa rangi zing'aazo kama shaba au dhahabu, ambao mafundi wa Uajemi na Hispania waliujua karne nyingi kabla yake.

Kazi hazikukosekana. Mchoraji Frederic Leighton alipojenga ukumbi wa mtindo wa Kiarabu nyumbani kwake London, akiwa na vigae vya kale alivyovikusanya Damascus na kwingineko, De Morgan ndiye aliyevipanga na kuziba mapengo kwa vigae vyake. Kampuni ya meli ya P&O ilimpa kazi ya kupamba meli zake. Mwaka 1882 alihamishia karakana yake Merton Abbey, alikokuwa Morris. Mwaka 1888 akajenga nyingine Fulham. Mkewe, Evelyn, mchoraji mashuhuri kwa haki yake mwenyewe, aliitia biashara hiyo fedha zake. Hata hivyo, mwaka 1907 karakana ilifungwa. Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo De Morgan, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60, alichapisha riwaya yake ya kwanza, *Joseph Vance*, nayo riwaya na zilizoifuata zikampatia fedha ambazo vigae havikuwahi kumpatia.

Tujiulize alikosa nini. Kipaji alikuwa nacho, elimu alikuwa nayo, marafiki wenye majina walikuwapo, na mji aliofanyia kazi ulikuwa mmojawapo wa miji tajiri kuliko yote duniani. Ni kweli kwamba hakuwa hodari wa mahesabu, na ni kweli kwamba viwanda vya Uingereza vilikuwa vikifyatua vigae vyenye michoro ya kupigwa chapa kwa bei ambayo mkono wa mtu hauwezi kushindana nayo. Lakini chanzo kilikuwa kirefu zaidi. Wanunuzi wake walikuwa watu binafsi wenye fedha, na fedha za watu binafsi hufuata mitindo. Mtindo ulipobadilika, ukuta ukabadilika nao, na msanii aliyekuwa bora kuliko alivyowahi kuwa akajikuta hana wa kumwuzia.

Hapa ndipo tunapoufikia mgongano uliomsumbua pia Morris maisha yake yote. Alitaka uzuri uwe wa watu wote, lakini kitu kinachotengenezwa kwa mkono, kwa ujira wa haki, huwa ghali. Na kikiwa ghali, hununuliwa na matajiri peke yao. Mjamaa akawa anapamba nyumba za mabepari. Mgongano huu hauwezi kutatuliwa ndani ya soko la watu binafsi. Fundi akishusha bei, anakufa njaa. Akiipandisha, anakuwa mtumishi wa anasa. Njia ya kutoka ninayoiona mimi ni ukuta wa umma. Kigae kilichobandikwa katika ukumbi wa tajiri kinalipiwa na mtu mmoja na kuonwa na wageni wake. Kigae hicho hicho kikibandikwa kituo cha treni, zahanati au mahakama ya mwanzo, kinalipiwa mara moja na kuonwa kila siku na mchuuzi, mgonjwa, askari na mtoto wa shule. Bei yake haijashuka hata senti moja, lakini imegawanywa kwa macho mengi.

Mfano wa pili unatupeleka Yerusalemu, na mhusika wake alianza akiwa amepoteza karibu kila kitu. David Ohannessian alikuwa fundi wa Kiarmenia aliyemiliki karakana ya vigae huko Kütahya, katika Dola ya Uthmania. Mwaka 1916, katika maangamizi na ufukuzwaji wa Waarmenia, yeye na familia yake waling'olewa kwao, na hatimaye wakaishia Aleppo wakiwa wakimbizi. Baada ya Waingereza kuitwaa Yerusalemu, utawala wao ulitafuta fundi wa kukarabati vigae vya Kuba la Mwamba, vilivyobandikwa katika karne ya 16 kwa amri ya Sultani Suleiman na vilivyokuwa vimeharibika. Ohannessian aliletwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1919 alirejea Kütahya kutafuta mafundi wenzake, akawaleta Yerusalemu pamoja na familia zao.

Kazi ya kuba haikuendelea kama ilivyopangwa. Lakini karakana ilikuwa imeshasimama, tanuri lilikuwa limeshawashwa, na kazi nyingine za umma zikafuata. Mitaa ya mji iliwekewa vibao vya majina vya vigae, vikiwa vimeandikwa kwa Kiarabu, Kiebrania na Kiingereza. Jumba la makumbusho ya mambo ya kale la Palestina, lililofunguliwa mwaka 1938, lilipambwa kwa vigae vya Ohannessian. Mapema kabisa, mwaka 1922, wawili kati ya mafundi aliowaleta, Nishan Balian aliyekuwa mfinyanzi na Megerditch Karakashian aliyekuwa mchoraji, walijitenga wakafungua karakana yao wenyewe. Mfanyabiashara anaweza kuuona utengano huo kama hasara. Mimi nauona kama dalili ya uzima: biashara inapozaa mshindani wake, maana yake ufundi umeacha kuwa siri ya mtu mmoja. Vita vya mwaka 1948 vilimfanya Ohannessian mkimbizi kwa mara ya pili, na alifia Beirut mwaka 1953. Hata hivyo, ufundi aliouleta haukuondoka naye. Wazao wa Balian na wa Karakashian wanauendeleza mjini humo hadi leo.

Siyasemi haya kuusifu ukoloni. Watawala wale walikuwa na sababu zao za kutaka kuonekana walinzi wa mji mtakatifu, na historia iliyofuata katika nchi ile twaifahamu. Ninachokichukua ni kanuni moja tu: mkimbizi asiye na mtaji alifanikiwa kuuotesha mizizi ufundi ambao mtoto wa profesa, katikati ya London, hakuweza kuuachia warithi. Mmoja alianza na oda ya jengo la umma na kundi la mafundi. Mwingine aliwategemea wapambaji wa majumba. Tofauti zao nyingine ni nyingi, ila hii siwezi kuipuuza.

Sasa turejee kwetu. Mtu asidhani kwamba kupamba kuta kwa vyombo vya udongo vyenye michoro ni jambo geni Afrika Mashariki. Makaburi ya kale ya Kunduchi, ndani ya jiji la Dar es Salaam, yana nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, vile vijishubaka vya ukutani, ambamo wenye nyumba walipanga vyombo vilivyovuka bahari. Kwa hiyo jicho linalopenda kigae kilichochorwa tumekuwa nalo kwa karne nyingi. Tulichokuwa pungufu nacho ni karakana ya kukitengeneza.

Hata malighafi haikosekani. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe unaofaa kwa kazi hii. Wanawake wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu ambavyo sifa yake imefika mbali. Bagamoyo tuna taasisi inayofundisha sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa wahitimu wa sanaa za ufundi kila mwaka. Na katika miaka ya karibuni tumepata viwanda vikubwa vya vigae Mkuranga na Chalinze. Wengi huviona viwanda vya namna hii kama adui wa msanii. Nakumbusha kwamba De Morgan alianza kwa kununua vigae vitupu vya wengine na kuvichora. Hatua hiyo ya kwanza leo inawezekana kwetu bila kuagiza kigae hata kimoja kutoka nje.

Tuna pia funzo la nyumbani kuhusu mnunuzi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi yetu, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya mraba vya mbao za kushindiliwa, bidhaa ya ujenzi isiyo na heshima yoyote ya kisanaa. Aliuza kazi zake Oysterbay, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa wageni. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu waliyekuwa wakimsaka. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika unaobeba jina lake. Kwa upande wa warithi, basi, Tingatinga alifaulu pale De Morgan aliposhindwa. Kwa upande wa mnunuzi, warithi hao bado wamefungwa kwenye mlango mmoja, mlango wa mtalii. Mwaka 2020 janga la Uviko lilipofunga viwanja vya ndege duniani, mlango huo ulijifunga. Mtindo unaojulikana duniani kote kwa jina la Mtanzania ni nadra kuuona kwenye ukuta wa zahanati ya Mtanzania.

Serikali zetu zitajibu kwamba hazikukaa kimya. Nchini Tanzania halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa makundi hayo. Hizi ni hatua za maana na sizibezi. Lakini mkopo bila mnunuzi ni deni tu. Kikundi kitakachokopa ili kununua tanuri kitaanza kudaiwa marejesho kabla hakijapata wa kumwuzia kigae cha kwanza. Na zabuni zilizotengwa haziwezi kumfikia msanii ikiwa kazi yake haitajwi popote. Katika mkataba wa kujenga hospitali ya wilaya, vigae ni mstari mmoja: mita za mraba kadhaa, bei kadhaa. Mkandarasi hununua vilivyo rahisi, na kisheria hana kosa. Msanii hakushindwa katika ushindani huo, hakuwahi kuitwa.

Kuna pingamizi tatu ninazozitarajia. Ya kwanza ni kwamba nchi yenye upungufu wa dawa na madawati haina fedha za mapambo. Jibu langu ni kwamba kuta hizo tayari zinabandikwa vigae, na fedha tayari zinatoka. Swali lililobaki ni kama sehemu ndogo ya fedha hizo, ya ukuta mmoja wa mapokezi au wodi ya watoto, iende kwa mkono wa mtu anayeishi wilaya hiyo hiyo. Ufaransa iliweka utaratibu wa asilimia 1 ya gharama za ujenzi wa shule kwa ajili ya kazi za sanaa mwaka 1951, miaka sita tu baada ya vita kuu iliyoiacha na madeni na magofu. Haikusubiri kwanza iwe tajiri.

Pingamizi la pili ni ufisadi: kwamba kazi hizo zitachukuliwa na mpwa wa mheshimiwa. Hofu hii ina msingi. Ndiyo maana michoro inapaswa kushindanishwa bila majina, oda zigawanywe vipande vidogo vidogo, na bei iliyolipwa itangazwe hadharani pamoja na jina la mchoraji ukutani. Kazi ya kigae ina faida moja juu ya mikataba mingi ya umma: kila mwananchi anaweza kuiona na kuikagua akiwa amesimama tu.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na linatoka katika historia ya kigae chenyewe. Mji wa Iznik, ulioivika misikiti ya Istanbul vigae vinavyostaajabiwa hadi leo, uliinuliwa na oda za ikulu ya Waothmani katika karne ya 16. Ikulu hiyo hiyo ilichangia kuuangusha. Ilipanga bei na kuing'ang'ania wakati gharama za maisha zikipanda, kisha oda zake zikapungua. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 18 kazi ya vigae ya Iznik ilikuwa imekwisha. Dola inaweza kuwa mnunuzi mbaya kuliko tajiri mwenye kufuata mitindo. Kwetu, yeyote aliyewahi kumdai malipo mtumishi wa halmashauri anajua maana ya faili linalozunguka. Mkandarasi mkubwa anaweza kusubiri mwaka mzima. Mchoraji wa vigae, aliyekwisha kulipia rangi na umeme, hawezi kusubiri miezi mitatu.

Kwa hiyo sidai dola iwe mlezi wa wasanii. Nadai iwe mnunuzi wa kwanza, mwenye haki, anayelipa kwa wakati, kisha imwache msanii atafute wa pili na wa tatu kwa nguvu ya kazi inayoonekana ukutani. Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya, jambo linaloweza kuanza bila kusubiri sheria mpya ni kuutoa ukuta mmoja katika mchanganuo wa gharama za jengo na kuupa mstari wake, ili uweze kuangukia katika zabuni za makundi maalumu. Sehemu ya malipo itangulie kazi, na masharti yadai kwamba anayepewa oda afundishe walau wanagenzi wawili. Kwa wanaharakati, bajeti za ujenzi za halmashauri zinajadiliwa katika vikao vya madiwani ambavyo mwananchi ana haki ya kuhudhuria. Humo ndimo suala la ajira za vijana linapogeuka kuwa tarakimu. Nanyi wanafunzi wa sanaa, msidanganywe kwamba ubora wa kazi utamaliza tatizo, wala msidanganyike kwamba bila ubora mtadai lolote. Jifunzeni kemia ya rangi, jifunzeni kukokotoa bei ya kigae pamoja na vile vinavyopasuka, na fanyeni kazi kwa vikundi, kwa kuwa ukuta haujazwi na mtu mmoja.

Wahenga waliosema kizuri chajiuza ndio waliosema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Msemo huu wa pili hausikiki sana kwenye semina, pengine kwa sababu unamtaja mtu ambaye ule wa kwanza unamsahau: yule anayetunza. Mara nyingine kiongozi atakaposimama jukwaani kuwahimiza vijana wajiajiri kwa vipaji vyao, aulizwe kwa heshima, na kwa tarakimu, ofisi yake imenunua nini kutoka kwa vijana hao katika mwaka wa fedha uliopita, na imewalipa lini.